Jumapili Nne za Ruffin Mapafu

New Orleans, Kata ya Sita
Jumanne, 25 Aprili 1916

Dada Odalie,

Keti kwanza, halafu usome mpaka mwisho. Ukiruka hata mstari mmoja nitajua.

Ile okestra yetu ya watu wa heshima imekufa. Tangu Krismasi hakuna aliyetuita, hata kwenye ubatizo. Watu hawataki tena walzi za kusomwa kwenye karatasi. Wanataka muziki moto wa wale wa ng'ambo ya Mtaa wa Canal, ule ambao Baba akiusikia hufunga dirisha. Basi mdogo wako kafanya nini? Kavuka Mtaa wa Canal! Ruffin Sayles, yule wanayemwita Mapafu kwa jinsi anavyopuliza tarumbeta, mpiga klarineti wake amepata kazi melini na nafasi iko wazi. Nikaenda na klarineti yangu, mkoba wa karatasi, na tai shingoni.

Mapafu akaitazama tai. "Wewe Mkrioli mwenye jina la Kifaransa," akasema, "unasoma?" Nikamjibu nasoma chochote atakachoniwekea mbele, hata akikigeuza juu chini. Akazichukua karatasi zangu zote, akazikalia. Haki ya Mungu, Odalie, alizikalia! Kisha akasema, "Haya, sasa sema." Wenzake wakaanza kupiga bluzi nyepesi, ambayo mtoto yeyote wa mjini anaijua. Mimi nikasimama na klarineti mdomoni. Miaka kumi na sita nasoma nota, na sikuwa na hata moja ya kwangu.

Hakunifukuza. Alisema sauti yangu tamu, vidole vyepesi, ila mimi ni bubu. Amenipa Jumapili nne juu ya gari la bendi, lile la farasi linalozunguka mitaani kutangaza dansi. Jumapili ya nne ikipita sijasema neno langu mwenyewe, anamchukua mtu mmoja wa Gretna, nami nitaviringisha tumbaku kiwandani mpaka nizikwe.

Wewe huko Chicago unapiga piano bila karatasi. Nifundishe kwa barua, tafadhali. Baba nimemdanganya kwamba Jumapili nina mazoezi ya kanisani. Najua humwandikii, lakini hata ukija kumwandikia, usimwambie.

Mdogo wako,
Numa

*

Chicago
Ijumaa, 28 Aprili 1916

Numa, wewe bwana wewe,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Alizikalia! Mpe salamu zangu huyo Mapafu, nimeshampenda.

Huku muziki huo wameanza kuuita jazi. Waupe jina watakalo, ni ule ule ambao Baba alinifungia piano kwa ajili yake akatia ufunguo mfukoni, nami nikapanda treni. Mwaka wa tano huu mimi na yeye hatujaandikiana hata mstari. Kwa hiyo siri yako iko salama kuliko ingekuwa kwa padri.

Sasa sikiliza. Weka klarineti kabatini siku mbili. Chukua hiyo bluzi peke yake, uiimbe kwa mdomo. Iimbe ukinyoa ndevu, iimbe ukikaanga samaki, mpaka nikikushtua katikati uweze kuendelea ulipoachia. Vidole vyako vimefanya kazi miaka yote. Masikio hayajawahi kuajiriwa.

Halafu mfuate mpiga besi. Bluzi ina vipimo kumi na viwili, kila kimoja mapigo manne, basi. Besi inaanza nyumbani, kwenye sauti ya msingi, inakwenda kwa jirani, inarudi nyumbani, inatoka mpaka mwisho wa mtaa, inarudi nyumbani tena. Kisha duru inaanza upya. Ukijua besi iko wapi, hupotei hata ukifumba macho. Na kila inapohama, uwe na kitu cha kusema. Kidogo tu. Jitayarishe.

Kula vizuri. Tai iache nyumbani.

Dada yako,
Odalie

*

New Orleans
Alhamisi, 4 Mei 1916

Dada,

Jumapili ya kwanza imepita, nilijificha nyuma ya tromboni nikapiga wimbo ulivyo. Lakini barua yako ilifika Jumatatu, na sasa nimeelewa! Nimeelewa kabisa! Mbona hukuniambia tangu utotoni?

Ulisema nijitayarishe. Tangu Jumatatu nikitoka kiwandani nakaa na wino. Nimeandika duru tatu nzima za bluzi, vipimo thelathini na sita, na kila besi inapohama nina kitu cha kusema, tena kizuri. Nimetia na madoido. Pa kupumulia nimepatia alama. Kipimo cha saba nimejiandikia kwa wino mwekundu: "Hapa sita kidogo, kana kwamba unafikiri." Nimeikariri yote. Mapafu hawezi kuikalia, maana iko kichwani.

Nakuwekea nakala humu ndani uone. Jumapili hii, Odalie, watanisikia mpaka mtoni.

Numa

*

Chicago
Jumapili, 7 Mei 1916, asubuhi

Numa,

USIPIGE.

Barua yako imefika jana jioni, ofisi ya simu za maandishi ilikuwa imeshafungwa, na sasa hivi najua mnafunga farasi. Naandika tu kutuliza roho. Umesahau wale wanaolifuata gari kwa nyuma, na miavuli yao? Hawasimami kona moja wakaridhika. Wanafuata tangu kona ya kwanza mpaka ya mwisho, wanakunywa, wanacheza, wanasikia KILA KITU. Kina mama wale wana masikio makali kuliko Baba.

"Kana kwamba unafikiri." Ee Mungu wangu.

Odalie

*

New Orleans
Jumatatu, 8 Mei 1916

Dada,

Sijui uso wangu niuweke wapi.

Kona ya kwanza nilikuwa mfalme. Mapafu aliinua nyusi zote mbili. Wanawake walipiga makofi, mmoja akanirushia ua. Kona ya pili nikapiga tena, vizuri zaidi, hata nota moja sikukosa. Nikamsikia muuza samaki na kaa mmoja, mama mnene mwenye kilemba, akiimba polepole pamoja nami. Mimi nikadhani ananipenda.

Kona ya tatu nikaanza, na umati ukaanza pamoja nami. Nota kwa nota, Odalie! Madoido yangu yote, wameyashika. Tulipofika kipimo cha saba, pale niliposita kana kwamba nafikiri, mtaa mzima ukasita. Wote wakashika videvu vyao, wakatazama mbinguni, wakafikiri pamoja nami. Halafu wakaendelea kabla yangu.

Mapafu alicheka mpaka ikabidi atoe tarumbeta mdomoni. Mpiga tromboni alilala chali ubaoni. Sasa naitwa Kasuku. Leo asubuhi hata kiwandani, jamaa wa meza ya pili kanitazama, kashika kidevu.

Nilipofika nyumbani Baba akaniuliza mazoezi ya kanisani yalikuwaje. Nikasema watu waliimba kwa pamoja. Huo ndio ukweli pekee niliomwambia mwezi huu.

Zimebaki Jumapili mbili. Niambie nifanye nini, au niambie niache.

Numa

*

Chicago
Jumatano, 10 Mei 1916

Mdogo wangu,

Nisamehe, nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya bendi nzima na mpiga ngoma wetu ameanguka kitini. Wanasema ukija Chicago watakulipia chakula.

Sasa tusicheke. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Wiki yangu ya kwanza huku nilikuwa na kipande kimoja kizuri, nikakipiga siku sita mfululizo, mpaka mhudumu wa bia akaniambia, "Dada, jana ulinisimulia hiyo." Sisi watoto wa Profesa Anatole Fauria, mwalimu wa nota, tunaogopa kukosea kuliko tunavyoogopa kifo. Ndiyo maana tunaandika kwanza.

Choma hizo karatasi. Chagua nota tatu. Tatu tu, nimesema! Wiki nzima usiguse nyingine. Utauliza mtu aseme nini kwa nota tatu. Mama alikuwa anatuita kula kwa jina moja tu, na kwa jinsi alivyolitamka tulijua kama ametaniwa sokoni, kama kachoka, kama kuna mgeni. Fanya hivyo. Vuta moja, kata nyingine, chelewa, wahi, nong'ona, bweka.

Na unyamaze. Hilo utaliona gumu kuliko yote. Sema kidogo, nyamaza, msikilize Mapafu, ndipo umjibu. Mtu asiyenyamaza hazungumzi, anahutubia.

La mwisho. Utakosea. Utatua kwenye nota isiyo yake, hilo halina dawa. Usikimbie. Ukikimbia kila mtu anajua umeiba. Irudie, uitazame usoni, kisha uipeleke nyumbani taratibu. Na ukiweza kukosea mbele za watu bila kufa, Numa, umeshajifunza.

Usiache. Ukiacha nitakuja kukuchapa mwenyewe.

Odalie

*

New Orleans
Jumanne, 16 Mei 1916

Odalie, Odalie, Odalie!

Nota tatu zinatosha! Nani angejua? Siku ya kwanza nilitaka kulia kwa kuchoka. Siku ya pili nikagundua ile ya kati nikiishusha kidogo kwa mdomo, nikaibonyeza bila kuifikisha chini, inalalamika yenyewe. Siku ya tatu nilikuwa kuku bandani. Siku ya nne nilikuwa shangazi Clothilde akigombana na muuza makaa. Baba alifungua mlango akauliza, "Numa, klarineti imeharibika?" Nikasema nasafisha mate. Akasema, "Siku nne?"

Jumapili Mapafu alinipa nafasi mara mbili. Ya kwanza nilinyamaza mno, wakadhani nimesahau. Ya pili nikasema nota tatu, nikanyamaza, na yeye akanijibu! Mapafu mwenyewe! Nikamwambia kingine, akanijibu tena. Duru moja tu, nusu dakika haifiki, lakini tulizungumza. Alipokuwa anashuka akaniambia, "Kasuku leo kaguna." Kwake yeye hiyo ni sifa.

Lakini kuna balaa. Jumapili ya mwisho gari linapita Mtaa wa St. Philip. Mtaa wetu, mchana kweupe, saa ambayo Baba huketi kwenye ngazi za mbele na gazeti lake. Nisipopanda, nafasi imekwenda. Nikipanda, ananiona. Nimeamua kupanda. Maji nimeshayavulia nguo.

Niombee.

Numa

*

SIMU YA MAANDISHI
Chicago, Jumamosi, 20 Mei 1916

SIKILIZA MWENZIO ANAPOMALIZIA. ANZIA HAPO. USITAZAME NGAZI. ODALIE

*

New Orleans
Jumatatu, 22 Mei 1916

Dada yangu,

Nimeingia! Nafasi ni yangu! Nimeanza na mwisho maana siwezi kukaa nao.

Tulikata kona kuingia St. Philip, na upande wa pili ikatokea bendi ya Algiers, wale wa ng'ambo ya mto, kwenye gari lao. Unajua mambo ya huku. Kabla sijameza mate, mtu wao ameshashuka na mnyororo, ameshafunga gurudumu letu na la kwao, hakuna wa kukimbia mpaka mmoja akubali kashindwa. Na wametufungia wapi? Mbele ya mlango wetu. Baba yuko kwenye ngazi, gazeti mapajani. Akainua macho akaniona, juu ya gari la kubebea samani, bila koti, na klarineti aliyoninunulia yeye. Sikuiangalia ngazi, ulivyosema. Nilimwona hivyo hivyo.

Wao wana mpiga klarineti mwembamba wanayemwita Sindano. Alipiga, Odalie! Nota juu ya nota, kasi ajabu, watu wakapiga mayowe. Akamalizia na nota mbili za chini, kwa dharau, huku ananitazama. Mapafu akaninyooshea kidole. "Kasuku. Mjibu."

Kichwani hamkuwa na kitu. Nikazichukua zile mbili zake, nikamrudishia polepole, kama kumwambia, "Samahani, ulisema?" Mtu akacheka. Nikanyamaza. Besi ikaenda kwa jirani, nikamuuliza tena kwa juu zaidi, wakacheka wengi. Nikaona njia, nikaifuata, na hapo kidole kikateleza nikatua kwenye nota isiyo na ukoo na chochote. Kali, mbaya. Yule mama muuza kaa alikunja uso. Baba akafumba macho.

Sikukimbia. Nikairudia. Nikairudia tena kwa nguvu, nikaing'ang'ania mpaka wakadhani naitaka, kisha nikaivuta chini kidogo kidogo mpaka ikaingia nyumbani. Mama wee! Miavuli yote juu! Yule mama akapiga kelele, "Kasuku kapata mdomo!" Nikaendelea duru baada ya duru. Sijui nilipiga nini, na hata ukinipa Chicago yote siwezi kurudia. Sikuwa na woga hata chembe. Nilikuwa nacheka ndani ya klarineti. Sindano mwenyewe akavua kofia, na wao ndio waliofungua mnyororo.

Mapafu akanishika shingo mbele ya watu. "Nafasi yako," akasema. "Yule wa Gretna nitamwambia akatafute wengine." Nilitaka kumbusu.

Kisha nikatazama ngazi. Hakuna mtu. Mlango umefungwa.

Nilipoingia ndani nilikuta chakula changu kimefunikwa mezani na yeye yuko chumbani kwake. Leo asubuhi nimemsalimu, hakuitikia. Nimerudi kutoka kiwandani bado yuko huko ndani, nasikia kalamu inakwaruza tu. Nadhani ananiandikia barua ya kuniondoa nyumbani. Akinitoa, nitakaa kwa Mapafu. Nina furaha na nimevunjika moyo, vyote kwa pamoja, na sijui mtu hulalaje namna hii.

Numa

*

New Orleans
Jumapili, 28 Mei 1916

Odalie,

Anwani yako nimeinakili kutoka kwenye bahasha ya ndugu yako. Nadhani u mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa goti.

Ninaandika kwa jambo la kitaalamu. Jumapili iliyopita Numa alipiga klarineti hadharani, katika mazingira ambayo sitayaeleza. Nilikusudia kumwonyesha makosa yake. Kwa hiyo niliingia ndani nikaandika kwa kumbukumbu kila alichopiga, kazi iliyonichukua siku mbili, na nikachukua kalamu nyekundu.

Duru ya kwanza, kipimo cha tisa, kuna nota isiyo ya mahali pake. Hakuna kitabu kinachoiruhusu. Nimetazama vyote. Nikaifuta, nikaweka inayostahili, nikapiga kwa klarineti yangu ya zamani. Kipande chote kikafa. Nikajaribu nota nyingine nne zilizo sahihi. Kikafa mara nne. Nikarudisha ile mbaya, nikapiga, na ilibidi niweke klarineti chini nitafute leso.

Nimefundisha kwa miaka arobaini na mmoja. Tangu siku hiyo najiuliza nota kama hiyo nimeifuta kwa wanafunzi wangapi. Kwa wengine sikumbuki. Kwako nakumbuka, maana nilifunga na piano.

Ijumaa Numa alipokuwa kazini nilifunga vitabu vyote, nikaketi, nikaweka klarineti mdomoni bila kitu mbele yangu. Nilikaa robo saa. Haikutoka hata sauti moja. Nina miaka sitini na saba, Odalie, na niliogopa kama mtoto.

Numa siwezi kumwuliza. Bado hatujasalimiana, na kosa hilo ni langu, nitalirekebisha leo kwenye chakula. Lakini wewe uko mbali, hutaniona nikikosea. Nasikia mtaani kwamba ulimfundisha yeye kwa barua. Nianzie wapi?

Posta hupita saa nne asubuhi. Nitakuwa kwenye ngazi.

Baba yako,
Anatole